Mama Donatille mbele ya gorila dume

Kwa miaka tisa Mama Donatille wa Katoyi aliwapikia wageni waliokwenda Virunga kutazama gorila, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwaona. Mwaka 2019, kabla vita havijafunga barabara, mgeni mmoja aliugua. Lionel, kiongozi wa msafara, akamwambia, "Mama, nafasi iko. Twende."

Walitembea msituni kwa muda wa karibu saa tatu. Mama huyo wa miaka hamsini na minane hakuomba kupumzika hata mara moja.

Walipoikuta familia ya gorila, dume kubwa lilinguruma, likawajia mbio. Msichana mmoja kati ya wageni aligeuka ili akimbie. Mama Donatille akamshika mkono, wakachuchumaa pamoja, macho chini. Dume likasimama hatua chache mbele yao, likavunja shina la mmea, likarudi kwa wanawe likitafuna.

"Mama, nani alikufundisha?" Lionel aliuliza, jasho likimtoka.

"Ngombe dume za papa, kule Masisi," alisema, akimkumbuka baba yake. " Ukikimbia, njo zinakufukuza."

Msichana alikuwa bado ameng'ang'ania kitenge cha Mama Donatille. Mama alimwacha hivyo, akamtazama gorila jike akinyonyesha, akacheka taratibu kwa furaha.