Kengele ya Mama wa Rekodi

Katika ofisi yetu ya Kitengela koti lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kuzuia baridi ya asubuhi, maana upepo wa kule hupita chini ya mlango bila kubisha. Ya pili ni kukaa kitini wakati mwenyewe hayupo. Unalivua, unalitundika kwenye mgongo wa kiti, unatoka zako, na yeyote anayepita anasema huyu hayuko mbali. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tuliwajibu kwa koti, na kwa miaka mingi hakuna aliyetupinga.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha wafugaji kilichokuwa na ofisi hiyo. Mashine zilikuwa tano, na moja tu ndiyo iliyoninyima raha: ya mama wa rekodi. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Bisil, aliyetunza orodha ya ng'ombe wote wa wanachama, waliochanjwa na ambao bado. Vyeti vya chanjo vilichapishwa kutoka kwenye mashine yake, vikiwa na jina lake chini. Mwezi mmoja kikatoka cheti cha ng'ombe ambao hawakuwa wameona sindano. Mama akaapa kwamba hakukichapisha yeye.

Nilimwamini kwa sababu nilijua desturi yake. Mzee akifika getini, mama hamsalimu kutoka nyuma ya meza. Anainuka, anatoka nje, na kama mzee ni wa rika la baba yake, anainamisha kichwa ili aguswe. Kisha wanaulizana habari za watu, za mvua na za ndama, bila haraka. Muda huo wote kompyuta yake iko wazi kama boma lisilofungwa mlango. Meneja alimwandikia barua ya onyo, akaniita na kuniambia nitafute dawa. Kikitoka cheti kingine cha aina hiyo, alisema, mama anaenda nyumbani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu tu astaafu.

Dawa niliyoipata ilikuwa kidude kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, kinachovaliwa shingoni kwa utepe. Kinatoa mawimbi ya bluetooth, yale yale yanayounganisha simu na spika, nayo kompyuta inasikiliza. Ikiyasikia vizuri inajua mwenyewe yuko karibu, inajifungua. Yakififia inajifunga. Neno la siri, ambalo mama alikuwa amelibandika juu ya skrini kwa karatasi ya manjano, likakosa kazi. Kila mwenye mashine akapata kidude chake, meneja na mimi tukiwemo.

Nakiri kwamba wiki ile nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa redio mbovu afungue. Nilitembea huku na huku na kidude mkononi, nikihesabu hatua na kusoma namba. Hatua mbili, mawimbi yana nguvu. Hatua sita, yamefifia. Nyuma ya ubao unaotutenga na mapokezi yalipita kana kwamba hakuna kitu, lakini nyuma ya ukuta wa mawe, haya mawe yetu ya machimbo, yalikaribia kufa. Wenzangu walidhani jua la mchana limenipanda kichwani.

Kisha kikatokea kioja. Mama alipogeuka kuvuta faili kwenye kabati lililokuwa nyuma yake, hatua moja tu, kompyuta ilijifunga. Akigeuka tena, inajifungua. Aliniuliza kama mashine imemkasirikia. Nilikaa na swali hilo siku nzima, nikamgeuza mama huku na kule mpaka akachoka, ndipo nikaelewa kwamba ukuta ulikuwa mwili wake mwenyewe. Binadamu ni maji mengi, na mawimbi haya hayapendi maji. Ukigeuka au ukiinama, mstari wao kwenye skrini unashuka, kisha unapanda tena. Nikaiambia kompyuta isubiri nusu dakika kabla ya kujifunga, na tatizo likaisha.

“Kwa hivyo hii kitu inajua niko?” mama aliniuliza.

Nikamwambia inajua.

“Na inajua nafanya nini?”

“Hapana, mama. Inajua tu uko.”

“Basi haijui mengi.”

Wiki tatu baadaye kikatoka cheti cha pili. Ng'ombe wengine ambao hawajachanjwa, jina lile lile la mama, saa saba mchana. Meneja aliniita nimwonyeshe kumbukumbu za mashine, nami nilienda nikiwa na hakika kwamba zitamwokoa. Zilisema kwamba kuanzia saa sita na robo hadi saa nane kasoro dakika kumi, mwenye kidude alikuwa kitini pake. Meneja akasema sasa hakuna la kubishania, na akaanza kuandika barua ya kumwachisha kazi. Mwanzoni mama alikuwa na shaka ya kumtetea, na mimi ndiye niliyemletea shahidi wa kuiondoa.

Nilimwendea nikamuuliza alikuwa wapi saa saba. “Nilikuwa hapa,” alisema, kama alivyokwisha kumwambia meneja, bila kuniangalia. Nilikasirika, kwa kweli. Nilijua ananidanganya na sikujua kwa nini mtu adanganye ili afukuzwe.

Hasira ilinirudisha kwenye meza yangu, na udadisi ukanishika hapo. Nilifungua mstari wa mawimbi yake wa siku ile nzima. Asubuhi ulirukaruka kama mbuzi, namna anavyogeuka na kuinama. Kisha, saa sita na robo, ukanyooka kama waya wa ua. Ulibaki hivyo kwa zaidi ya saa moja na nusu, bila kutikisika hata kidogo. Aliyekuwa kitini muda huo hakuwa na maji mwilini. Niliinuka nikaenda kwenye kiti chake, mwenyewe akiwa ametoka getini kumpokea mzee, nikatia mkono kwenye mfuko wa sweta lililotundikwa pale. Kidude kilikuwemo.

Aliporudi nikakaa naye chini, sauti nikaishusha, na safari hii akasema. Siku moja alipomwinamia mzee mmoja, kidude kilibembea kikamgonga mzee kwenye mkono. Mzee akakishika, akakigeuza, akamuuliza ni nani amemvika kengele kama ng'ombe anayeongoza kundi. Waliokuwa getini wakacheka. Tangu siku hiyo, akiona mzee anakuja, anakivua na kukitia kwenye sweta. Sweta analiacha kitini, kama watu wote. Angemwambiaje meneja kwamba hakuwepo, na sweta limekaa pale kusema yupo?

Kama watu wote. Maneno hayo yalinipeleka kufungua mistari ya wengine, nikianzia na wangu. Saa saba ile ile nilikuwa kibandani, nakula chapati na maharagwe, na mstari wangu ulikuwa umenyooka kama wake. Mimi, niliyewavika wenzangu vidude na kuwahubiria, changu kilikuwa kwenye koti. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikafungua na mstari wa mwisho, kisha nikachapisha karatasi tatu.

Meneja alikuwa ameshatia sahihi nilipoingia na mama. Nilimwekea karatasi yangu kwanza, nikamweleza habari ya maji na mawimbi, nikamwambia nilikuwa kibandani na koti langu ndilo lililokuwa kazini. Nikaweka ya mama. Ya tatu sikuisoma, niliisukuma tu upande wake. Ilikuwa ya kwake mwenyewe: mstari mmoja ulionyooka tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, siku aliyoshinda mnadani Bisil akarudi na vumbi jeupe viatuni. Koti lake la kijivu lilikuwa nyuma yake wakati ule, mabegani mwa kiti.

Meneja akamwita bawabu, akamuuliza ni nani aliyeingia ndani mchana ule. Bawabu akasema ni yule dalali wa ng'ombe anayekaaga kwenye benchi letu, na kwamba alitoka na karatasi mkononi. Hakusema mapema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Meneja alipasua barua mara mbili. Ndipo akamgeukia mama, na sauti yake haikuwa ya ukali.

“Kwa nini ulinidanganya uko hapa?”

“Si kudanganya, mkubwa,” mama alisema. “Kwa hii ofisi ni koti huandikwa kazi. Sisi tunaileta tu.”

Meneja aliinuka, akalitoa koti lake kitini na kulivaa, jua la saa nane likiunguza mabati juu yetu, akafunga vifungo vyote. Hakulivua mpaka jioni.