Mafuta ya Alizeti kwenye Maua ya Mpira

Mama mwenye kitalu cha maua ninapofanya kazi aliitwa msibani Kirando siku ya Jumatano. Akaniachia miche yote na maneno haya: "Mwanangu, sista wa Kaengesa anakuja Jumamosi kuchagua maua ya kanisa. Akichukua, tunabaki hapa. Asipochukua, nafunga." Mwenye kiwanja alishampa hadi mwisho wa mwezi alipe kodi au ahame.

Mimi nikasikia "tunabaki" tu. Ndivyo nilivyo. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kichwani bustani yangu ipo tayari, ina geti na mabenchi ya wateja.

Ilikuwa Agosti. Asubuhi baridi inang'ata vidole, mchana jua kali, na upepo unamwaga vumbi la barabara juu ya kila kitu. Maua yetu ya mpira, yale ya majani mapana, yalikaa chini ya kivuli cha nyasi, yamepauka. Nikayaonea huruma. Nikawaza, mimi nikipauka si napaka mafuta? Alhamisi nikaja na mafuta ya alizeti kutoka jikoni kwetu, nikapaka jani moja moja, mbele na nyuma, huku nayaimbia. Halafu nikayatoa yote kivulini, nikayapanga juu ya mbao kando ya barabara.

Dereva wa bodaboda anayeegesha jirani akapaza sauti, "Mambo, dada! Leo unakaanga mchicha?"

"Poa. Acha wivu."

"Chumvi umeweka?"

Nilicheka mpaka machozi. Majani yaling'aa, jamani!

Ijumaa mchana ndipo nilipoona. Vumbi lilikuwa limenata kwenye mafuta, na chini yake jani lina madoa ya kahawia kama ukoko wa ugali. Nikaosha kwa maji, vumbi halitoki. Nikaosha kwa sabuni, ngozi ya jani ikatoka na kitambaa. Nikayarudisha mbio kivulini, nikapiga magoti katikati ya viriba, ile mifuko ya miche, nikayaomba msamaha kwa sauti. "Msidondoke. Mpaka kesho tu, tafadhali."

Majani yakadondoka, vikabaki vijiti.

Jioni mama akafika, bado amejifunga khanga za msiba. Akaokota jani, akalinusa.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi sista akaja na pikapu. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," tukaitikia.

Akapita taratibu katikati ya vile vijiti. "Yana ugonjwa?"

Nikamuwahi mama. "Hapana, sista. Ni mimi. Niliyapaka mafuta ya kupikia, nikayaanika juani."

Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Pole, binti. Ila kanisani siwezi kupeleka vijiti." Pikapu ikaondoka tupu kama ilivyokuja.

Mwisho wa mwezi tulibeba viriba hadi nyuma ya nyumba ya mama, mahali asipopita mtu. Naenda kila asubuhi kumwagilia, ingawa mengi yameshakauka hadi shinani. Ile bustani bado naiota, ila siku hizi geti silioni vizuri.

Jana niliokota kitambaa, nikaanza kufuta vumbi kwenye ua moja lililobakiwa na majani mawili. Mama akanishika mkono.

"Maji tu, mwanangu," akasema. "Maji tu."