Mkwe Wangu Ananipa Kazi Mtandaoni, Nyumbani Wananitaka Niache

Admin, nipostie hili ila jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka 26, Mnyakyusa wa hapa hapa Ipinda. Mahari imeshatolewa, ng'ombe wako kwetu, na harusi imepangwa mpunga ukishavunwa. Lakini sasa nimewekewa sharti, na hilo sharti silitaki.

Nilipomaliza kidato cha sita sikupata chuo. Nikawa nauza mchele na mama huku najisomea kwenye simu. Kuna tovuti moja ya jamii inayofundisha kutengeneza tovuti, yote kwa Kiswahili. Haina bosi. Anayejua kitu anaandika somo, mwingine anakuja kulihariri, na mkipishana mnaenda ukurasa wa majadiliano mnabishana mpaka mwelewane. Mle ndani nilijifunza kila kitu, na leo natengenezea watu wa nyumba za wageni kule Matema tovuti zao, nakula kwa jasho langu. Nami nikaanza kuhariri ili wanaokuja nyuma yangu wasihangaike nilivyohangaika. Kule hatutumii majina halisi. Mimi najiita Kitumbua.

Basi akatokea mtu anajiita Chaki Nyeupe. Aliandika somo la kuweka picha kwenye tovuti, na kabla hujafika kwenye picha yenyewe unakutana na habari ndefu za ubao, chaki, na jinsi wanafunzi wa zamani walivyokuwa na adabu. Nikaikata. Akairudisha. Nikaikata tena, tukahamia kwenye majadiliano, na huko tulichambuana hasa. Mbishi yule, lakini nakiri nilikuwa nafurahia, maana alikuwa anajibu hoja kwa hoja na hakunitukana hata mara moja.

Siku moja nilikwenda kwa kina mchumba wangu, kijijini Ngonga. Wasiotoka huku niwaeleze kidogo. Kwetu mkamwana hakai na baba mkwe, haonani naye uso kwa uso, haongei naye, jina lake halitamki. Wengi wameshalegeza, familia hii haijalegeza. Kwa hiyo mimi nilikuwa jikoni na wifi yangu na shangazi yao tunamenya ndizi, na baba mkwe, mwalimu mstaafu, alikuwa sebuleni na mwanawe. Ukuta tu ndio ulitutenganisha. Mara namsikia anamsomea mwanawe kwenye simu: "Sikiliza huyu Kitumbua anavyonijibu. 'Ndugu Chaki Nyeupe, mwanafunzi wetu bando linamwishia kabla hajaliona somo. Habari za ubao wasimulie wajukuu.' Huyu mtu ana kiburi. Ila kazi anaijua."

Ulimi ukaniponza. Nilicheka, nikapaza sauti: "Baba, Kitumbua ni mimi. Na ile aya bado ndefu."

Nikasikia kiti kinasogezwa, kisha mlango wa mbele, baba mkwe katoka nje. Shangazi aliweka kisu chini, akaniangalia. "We mtoto, unamjibu mkweo? Tena ng'ombe wameshafika kwenu?"

Tangu hapo sina amani. Shangazi amesambaza kila mahali kwamba nimemvunjia mzee heshima. Mchumba wangu, ambaye ni afisa kilimo, msomi kabisa, alinijia na sharti lake. "Rudisha maneno ya baba kama alivyoyaandika, halafu ujitoe kwenye hiyo tovuti kabla ya harusi. Sitaki watu waseme nimeoa mwanamke anayemsahihisha baba yangu."

Nikamwambia nilikuwa namsahihisha Chaki Nyeupe. Akasema ni yule yule. Sawa, ni yule yule. Basi kama ni yule yule, sikilizeni alichofanya.

Wiki iliyofuata Chaki Nyeupe aliweka somo jingine. Chini yake akaandika: "Naomba Kitumbua alipitie. Akate panapozidi. Ndaga fijo." Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Nilisoma nikalia, sioni aibu kusema. Nikakata. Akarudisha sentensi moja na kueleza kwa nini, nikaona yuko sahihi, nikaiacha. Tumeendelea hivyo mpaka leo. Ile siku ya jikoni hajaitaja, nami sijaitaja.

Nilimwonyesha mchumba wangu. Akasema, "Baba anakustahi tu, hawezi kukukatalia." Wifi yangu anacheka, anasema mzee akimaliza chai anaingia kwenye simu kuangalia Kitumbua kasemaje. Lakini sebuleni hawezi kunitetea, kwa sababu mila ile ile inayonifunga mimi inamfunga na yeye.

Jamani, ukiacha lile neno la jikoni, nimeshavunja nini? Sijakaa naye, sijamtazama usoni, jina lake sijalitamka na sitalitamka. Nitaishi na huyu mzee kwenye boma moja maisha yangu yote bila kula naye meza moja, na hilo nimelikubali kwa moyo mweupe. Kwenye ukurasa ule tu ndipo tunapoweza kuongea, na hapo ndipo wanapotaka niondoke, eti kwa kumheshimu.

Naomba mawazo yenu. Nimwandikie baba mkwe pale pale kwenye majadiliano, mbele ya watu, aseme neno moja nyumbani kwake, ingawa najua litamwaibisha? Au niwaambie wazee wetu warudishe ng'ombe, kila mtu ashike njia yake, ingawa mchumba wangu bado nampenda? Njia ya tatu, ya kujitoa, msinipe. Hiyo nimeshaikataa.

Naandika haya huku kuna somo jipya la Chaki Nyeupe linanisubiri. Kaanza tena na habari za ubao. Nikimaliza hapa naenda kuzikata.