Breki za Trela Nilifunga Mimi, Lawama Nikambebesha Fundi

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia tena. Wa kusingiziwa nilishampata, nikamharibia jina!

Mimi na Katana, kaka wa mke wangu, tuna boti ya faiba ya kutembeza wageni. Hulala kwangu Kiembeni, nasi huivuta kwa trela hadi ufuoni. Trela haikuwa na breki. Katana akanituma kwa Mzee Charo, fundi wa trela kule Miritini.

Mzee akanieleza taratibu: "Mwanangu, trela hii huingia maji ya chumvi. Tafuta breki za diski zisizoshika kutu, magurudumu yote mawili. Ukishafunga, toa hewa kwenye mafuta ya breki, kisha uijaribu ikiwa tupu. Ama niletee nikufungie."

Nimletee? Mimi, bingwa niliyetazama video mbili nzima kwenye simu! Nikatafuta breki kuukuu za gari bovu, nikazifunga mwenyewe uani. Hewa sikutoa. Kujaribu nako niliwaachia waoga.

"Amefunga Charo?" Katana akauliza.

"Charo mwenyewe, haki ya Mungu!"

Jumamosi tukateremka na boti. Katana alishuka garini kuniongoza nikirudi nyuma, akasimama kando ya ukuta kwa imani yote. Nikakanyaga breki. Gurudumu moja likashika, la pili likaendelea na safari zake. Trela ikapinda, ikambana shemeji ukutani. Ukelele ule, jamani! Mguu ulivunjika mahali pawili.

Hapo mwenye haya angesema kweli. Mimi nikapaza sauti, "Charo ametuua!" Maneno yakafika Miritini upesi, na wenye trela wakaanza kumpita Mzee kama hawamjui.

Mzee akaja wodini alikolazwa Katana, kofia mkononi. "Katana mwanangu, pole sana. Lakini breki hizo sikufunga mimi."

Nikamrukia mbele ya mgonjwa: "Mzee mzima na uongo!" Adabu iliyoje! Akanitazama, akamwombea Katana afya, akaondoka.

Aliyenifichua ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejipiga picha chini ya trela, spana mkononi, meno yote nje. Mke wangu akaiona kwenye simu. Akaenda nayo moja kwa moja kwa kaka yake.

Katana sasa anatembea kwa magongo. Nikienda kumjulia hali, naambiwa amelala, hata saa nne asubuhi. Mke wangu hunipakulia chakula, mazungumzo hapana.

Nikaenda Miritini. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba." Nikaungama yote. Akaendelea kukaza nati.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini waliokusikia ukinitaja, kawaambie wao."

Nimeanza na wenye trela, mmoja mmoja, uso kwa uso. Nyinyi wengine nawaandikia bila jina, shujaa wenu!

Ukiharibu kazi, ndugu yangu, sema papo hapo. Katana amenitumia neno moja kupitia dada yake: mguu amenisamehe. Zile siku alizolala akimlaani mzee wa watu, hizo bado.