Puli ya Michée Yapanda Lemera

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado linajikwamua kutoka milima ya Burundi, Michée Kashindi amepanga puli tatu, magurudumu madogo ya kuzungushia mkanda wa injini, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anazitazama kama mtu anayechagua samaki wa mukeke sokoni: anainua moja, anaigeuza, anairudisha, kisha anarudia ileile.

Majirani wa mtaa wa Mulongwe wanapita wakimsalimu kwa jina la "Sufuria". Anaitika. Hana jinsi.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita fundi huyu wa magari, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, aliyeyusha sufuria ya mkewe, Noella, ili asubu puli. Alumini ya sufuria ni laini. Puli ikapasuka karibu na Runingu, abiria wakalala barabarani, na nyumbani maharage ya Noella yakabaki yanasubiri chombo.

Leo kazi ni ya Mama Agathe, mjane anayeishi Lubarika, ambaye basi lake dogo hupeleka watu, chumvi na samaki wadogo wa ndagala hadi Lemera, juu mlimani. Injini yake ina kompresa inayosukuma hewa ya ziada ndani, ikizungushwa na mkanda. Puli ya kompresa ikiwa ndogo, kompresa inazunguka haraka na gari linapata nguvu. Linapata na joto.

Kuna kona moja ya mlimani ambako abiria hushuka kusukuma, kila safari. Wiki iliyopita walimwambia Mama Agathe wazi kwamba wakisukuma tena, watahamia pikipiki. Na gari hilo ndilo linalolisha watoto wake wanne.

Dereva wake, Lionel, ameshachagua. Anataka puli ndogo kuliko zote.

"Funga hiyo, vieux," anasema, akimwita mzee kwa Kifaransa. " Minye nataka gari ipande kama mbuzi."

Michée aliifunga jana kuijaribu, akaliendesha gari hadi Katogota. Kwa petroli hafifu ya kidumu na joto la bondeni, injini ilianza kugonga kama misumari ndani ya kopo. Akaifungua hukohuko barabarani.

"Moteri iko kama muntu," anasema bila kumtazama Lionel. "Ukimulazimisha kukimbia na tumbo imejaa, anaanguka njiani. Na weye ndiye utamubeba."

Anachukua ya katikati, iliyopungua milimita sita tu kuliko ile ambayo gari lilikuja nayo. Ameisubu kwa pistoni chakavu, ambazo ni ngumu, kisha akavuka mpaka hadi Bujumbura ili ikerezwe, yaani ichongwe mviringo, kwenye mashine ya rafiki. Puli moja humla siku tatu. Kazi yenyewe ni siku moja, mbili ni za njia na foleni ya mpakani.

Saa tano, puli ikiwa imefungwa, gari linapanda. Michée amekaa mbele, injini ikiwa chini ya kiti, akiisikiliza kwa bisibisi iliyo kati ya chuma na sikio lake. Nyuma, Mama Agathe ameshika rozari kwa mikono miwili.

Kona inafika. Kwa mazoea, abiria kumi na mmoja wanakunja suruali na vitenge. Bibi mmoja ameshavua viatu.

Gari halisimami. Linanguruma, linavuta, linapita.

Wanapofika juu, bibi yule anauliza, "Sasa minye viatu nilivua ya nini?" Hapo ndipo Mama Agathe anapocheka mpaka anafuta machozi.

Mwezi mzuri humpa Michée kama dola mia moja na hamsini. Ndoto yake ni kununua mashine ya kukerezea iliyotumika, ili puli zizaliwe na kumalizikia Mulongwe.

Noella anausikiliza mpango huo akisonga ugali. "Papa Divine, mashine iko muzuri," anasema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Minye pia nitachanga. Lakini utayeyusha pistoni tu."

Ana sababu. Kwa shukrani, Mama Agathe amemtumia sufuria mpya, imejaa maharage ya Lemera. Kabla hata ya kuyapika, Noella alichukua msumari, akaandika jina lake mwenyewe kwenye kitako.