Uzi wa Sweta ya Wakesho

Mkitaka kucheka, chekeni. Wakesho nilimfundisha kufuma mimi mwenyewe, mwaka jana tu, na sasa watu wa Voi wanaagiza sweta kwake. Zangu zimejaa kabatini.

Juzi nikaitwa intavyu ya ukarani, ya kwanza baada ya kutuma barua mpaka nikachoka. Nafika, nani yuko kwenye benchi? Wakesho, ameshuka kutoka Wusi na sweta mpya ya manjano, nzuri hadi roho ikaniuma.

"Mwalimu wangu, kumbe ni sisi wawili!" akasema. "Mungu akusaidie upate wewe."

Hata kwa wema alikuwa amenishinda. Mgongoni mwake nikaona ncha ya uzi inaning'inia. Nikaivuta kidogo, aingie na kasoro. Uzi ukaja. Vidole vyangu, kwa mazoea, vikaanza kuukunja. Akaitwa, akaingia, nami nikazidi kukunja kana kwamba ndiyo kazi niliyoitiwa.

Mlango ukafunguka. Bosi akatoka ameinama, akiufuata uzi wa manjano hadi kwenye donge lililokuwa mapajani mwangu.

"Ingia na wewe," akasema. "Umletee mwenzako mgongo wa sweta yake."