Supu ya Mzazi

Binti yangu alipopata ujauzito kule Seoul, mimi huku Machame, mlimani, nilikuwa na swali moja tu kila alipopiga simu. "Sasa ukijifungua, nani atakulisha?"

"Mama bwana! Hospitali zipo, mume yupo, mama mkwe yupo. Nitakula."

Nitakula! Kana kwamba mzazi ni mtu wa kujilia chochote alichokikuta mezani.

Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hagusi maji ya baridi, hapiki. Kazi yake ni kunyonyesha na kula: mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, asubuhi na mchana, maziwa, na kisusio, ile supu ya mbuzi yenye damu. Akitoka mashavu yanang'aa, na watu wakimwona kanisani wanajua huyu ana watu wake. Kwa kawaida mama mkwe ndiye anayelisha. Wa kwangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilipomzaa huyu binti alikuja mama yangu mzazi. Alinishikisha bakuli la mtori, akasimama mbele yangu. "Kula, mwanangu, kula." Nikisema nimeshiba, masikio yake yalikuwa hayasikii.

Ningekwenda Seoul mwenyewe, jamani, hata kwa kuning'inia kwenye bawa la ndege. Lakini mume wangu alikuwa amepooza upande mmoja, na wifi yangu anaweza kunishikia nyumba siku mbili tatu, siyo miezi. Kwa hiyo nilibaki na swali langu, nikaliuliza mpaka binti akachoka. Siku moja akanitumia ujumbe. Kuna mwanamke wa Kikorea Dar es Salaam, Masaki, anayewatembeza watu kwenye sehemu za chakula cha kwao. Mnatembea kwa miguu, mnaonja, mnaelezwa. Binti alikuwa ameshanilipia. "Nenda ukaone tunachokula huku, Mama, halafu tupumzike wote."

Nilikwenda. Nilikata mkungu wa ndizi mshare kihambani, shamba letu la nyumbani, nikautia kwenye kiroba, kwa sababu mimi siingii kwenye jiko la watu mikono mitupu. Dar jua lilikuwa la kunichemsha ubongo. Nilipofika mahali pa kukutania nilikuta vijana wachache wa ofisini wanapigana picha, na yule Mkorea mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana ya jua. Yule wa kofia akanijia akiinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia nikiwa mdomo wazi. Alikuja nchini akiwa msichana mdogo, akaniambia, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wale vijana. Akakitazama kiroba changu. "Na hizo ndizi?"

"Za wenye majiko."

Alicheka, akashika upande mmoja wa kiroba, nami upande wa pili, tukaongoza msafara hivyo hivyo.

Mahali pa kwanza palikuwa na meza yenye jiko katikati. Ikaletwa nyama mbichi na koleo. "Hapa tunachoma wenyewe," akasema mwongozaji wetu. Weee! Nimetoka mlimani, nimekaa kwenye basi kutwa nzima, nije mjini kujichomea nyama? Nilinung'unika kwa sauti, sikujificha. Lakini akanipa jani la saladi mkononi, akanionyesha namna ya kufungia nyama pamoja na kitunguu saumu na rojo la pilipili, kisha kuingiza kifurushi chote mdomoni kwa mara moja. Mashavu yalinijaa nikashindwa kunung'unika. Aisee, ni tamu! Nikafunga kingine, na cha tatu nikamfungia kijana aliyekaa karibu nami, maana alikuwa anahangaika na simu chakula kikipoa.

Ikaja kabeji iliyochachushwa kwa pilipili, nyekundu, ya kuwasha mpaka masikioni. Nikauliza, "Mzazi anakula hii?"

"Mzazi?"

"Aliyejifungua."

"Hapana, mama. Kali sana kwake."

Basi kila sahani iliyotua mezani niliuliza hivyo hivyo. Tambi za baridi? Hapana, mzazi hali kitu cha baridi. Hilo nililiweka moyoni. Wale vijana wakaanza kunitania, sahani ikifika tu wanaitikia kwa pamoja kama kwaya: "Mzazi anakulaaa?" Na mimi nikawaambia subirini, zamu yenu inakuja.

Pa pili tuliletewa utumbo uliojazwa damu na tambi, umekatwa vipande. Vijana wakarudi nyuma. Mimi nilichukua viwili. Ilikuwa damu kweli, imepikwa vizuri, na mara ya kwanza tangu binti anipe habari za ujauzito roho yangu ikatulia kidogo. Nikamweleza yule mwanamke habari za kisusio chetu, naye akauliza damu tunaikorogaje isigande, tukasahau wenzetu kabisa.

Mahali pa mwisho palikuwa duka dogo lenye meza mbili, na jiko nyuma ya pazia. Kwenye rafu zilipangwa pakiti za majani meusi makavu yaliyokunjamana. Nikauliza ni nini.

"Mwani," akasema mwongozaji, na safari hii hakusubiri swali langu. "Na huu ndio, mama. Mzazi kwetu anakula supu ya mwani. Asubuhi, mchana, jioni, wiki hadi wiki. Na kila siku yako ya kuzaliwa, mpaka unazeeka, unakula supu hiyo kumkumbuka mama aliyekuzaa."

Nilishika ile pakiti nikaigeuza. Majani ya baharini! Hakuna ndizi, hakuna maziwa. Mtoto wangu aliyekulia mtori apewe nyasi za samaki? Machozi yalinikaribia, na hasira pia, nikasema nataka kuionja sasa hivi. Haikuwa kwenye matembezi yetu. Mwenye duka, mama mtu mzima, alielezwa, akaangalia ndizi zangu, akaniangalia mimi, akaingia nyuma ya pazia. Tukasubiri. Vijana hawakunitania tena.

Supu ilikuja inafuka moshi, na vipande vya nyama ya ng'ombe ndani. Ilikuwa nyepesi, ina utelezi, na chumvi ya mbali. Ilishuka bila kusumbua koo. Nikanywa yote, maana nisingeweza kuihukumu nusu.

"Inaleta maziwa?" nikauliza.

"Inaleta, mama."

"Haya. Sasa nataka kuongea na huyo atakayeipika."

Nikampigia binti kwa video. Kule ilikuwa jioni, na bahati nzuri mama mkwe wake alikuwa pale pale anakunja nguo za mtoto: mwanamke mdogo wa umbo, nywele fupi za mawimbi. Hatukuwahi kuongea zaidi ya kupungiana mikono. Mwongozaji akakaa kati yetu kutafsiri.

Maji ya baridi? Hapana, hata ya kunawa. Kubeba vitu vizito? Asithubutu. Miguu? Soksi muda wote, hata kiangazi. Kila nilichouliza alijibu kabla sijamaliza, na nikaanza kumpenda. Kisha nikauliza atakaa ndani muda gani.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Huyo ni mzazi au mtu aliyeng'oa jino?"

Mwongozaji akanitazama. "Hiyo siitafsiri, mama."

"Basi mwambie miezi mitatu."

Akaambiwa. Akajibu kwamba yeye alizaa wawili, na baada ya wiki tatu alirudi kazini sokoni, na yuko hai. Nikasema na mimi niko hai kwa sababu ya miezi mitatu. Binti yangu akafunika uso kwa mikono. Nikajua nimeharibu. Huyu ndiye nitakayemwachia mtoto wangu, na nimegombana naye mbele ya watu.

Ndipo yule mama akauliza jambo kwa sauti ya chini. Mwongozaji akatafsiri: "Anauliza, wewe ulipojifungua, nani alikulisha?"

Nikamwambia. Mama yangu, bakuli, alivyosimama. Nilipofika kwenye maneno aliyokuwa akiniambia, nililia kabisa, na mwenye duka akaniletea karatasi za kujifutia. Mama mkwe aliacha habari za miezi. Aliomba tu niyarudie maneno yale kwa Kiswahili, polepole. Nikayarudia. Akaniinamia kwenye kioo cha simu, na mtandao ukakatika.

Nilirudi Machame na pakiti ya mwani na moyo mzito. Ndizi niliziacha zote kwa yule mwenye duka.

Mjukuu alizaliwa mwezi uliofuata, salama. Siku chache baadaye, asubuhi nikiwa namlisha mzee wangu uji, binti akapiga. Sura imechoka, soksi zimevutwa mpaka magotini.

"Mama, ulimfanya nini huyu mama? Sishiki hata kijiko cha kuosha. Eti miezi mitatu! Nikimwambia wiki tatu anajifanya hasikii."

Mkono ulipita mbele ya simu na bakuli linalofuka moshi, kisha nikasikia sauti ya mwanamke, ngeni, ya ulimi mzito, lakini haikukosea hata neno.

"Kula, mwanangu, kula."

Mzee wangu, ambaye siku hizi anaongea kwa shida, aligeuza shingo kuelekea kwenye simu.

"Nani huyo anayemlisha?"

"Mama yake," nikasema.